Mpemba Usoni mwa Aliyepiga Magoti

Kamina, 8 Aprili 1973

Mdogo wangu Kalala,

Barua hii anakuletea Isaïe, yule fundi wa breki wa treni ya mizigo, maana posta ya siku hizi inasoma barua kabla ya mwenyewe. Mpe maji, na umpe jibu akirudi. Usimpe maneno ya mdomoni, atayageuza njiani kabla hajafika Bukama.

Sisi tuko. Mama anakohoa usiku, mchana anajifanya mzima. Kwenye kitambulisho wamemfuta Marthe, maana majina ya kizungu yamekatazwa, sasa ni Citoyenne, yaani Mwananchi, Mputu, na ukimwita hivyo sokoni anageuka nyuma kumtafuta huyo anayeitwa. Wewe bado anakuita Wenceslas na mimi Émerence, ila ndani, mlango ukiwa umefungwa. Samaki wangu wa Bukama wanatoka vizuri. Wanunuzi ni wake wa askari wa base, ile kambi kubwa, hasa Mama Bolingo, mke wa adjudant mmoja, msimamizi wa gendarmes, hao askari wa kukamata watu. Anachagua samaki kwa kuwabonyeza macho, kisha anaomba msamaha kwa samaki.

Uliniuliza habari za mji. Mji unabishana juu ya Bwana Pamba. Vijana wa Chama wanataka sanamu iondolewe pale mbele ya stesheni: mzungu amesimama na kofia yake, mkono juu ya kichwa cha mtu mweusi aliyepiga magoti na kikapu cha pamba. Wazee wa reli wamegawanyika. Juzi mmoja alisema, "Tumuache, batoto bajue nani alitutesa." Mwenzake akamjibu, "Minyi nilipigwa fimbo juu ya pamba ya ule muntu. Kila asubui nikienda ku kazi iko ananiangalia. Unataka nikumbuke nini tena?" Wakashikana mashati, watu wazima wenye wajukuu.

Na kuna kichekesho. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, mji unapoamka, yule aliyepiga magoti ana mpemba usoni, kwenye paji na mashavu yote mawili, kama tunavyompaka udongo mweupe mtu aliyetoka kwenye kesi bila hatia. Mzungu hana hata tone. Hakuna anayejua ni nani anapaka. Wewe mwenye masomo unaonaje? Ukituandikia tena, muulize mama kama anajua.

Dada yako,
Ndaya


Lubumbashi, 6 Mei 1973

Yaya Ndaya, dada yangu,

Nimesoma barua yako mara tatu, na hicho ulichokiita kichekesho hakikunichekesha hata kidogo. Kilinikosesha usingizi.

Yaya, hebu fikiri. Mzungu ameondoka miaka kumi na mitatu sasa, na bado kuna mtu wa Kamina anayeamka alfajiri kwenda kuhudumia sanamu yake. Utumwa wa mgongoni huisha fimbo ikivunjika. Wa kichwani unabaki. Hapa kuna mwalimu mmoja, mzungu, anayesahihisha kazi zetu bila kusoma jina, na nikipata alama nzuri ananiuliza nimenakili kwa nani. Namjibu kwa adabu. Halafu nasikia kwamba kwetu mtu anapeleka mpemba kwa Bwana Pamba!

Unakumbuka nilipokuwa mdogo, nikienda shule kwa Mapadri? Kila nilipopita pale nilikuwa namtemea mate. Si mzungu, yule aliyepiga magoti. Mzungu nilimwogopa; huyu nilimchukia. Nilimwona mjinga aliyekubali. Siku moja mama alinikuta. Ndiyo siku pekee maishani mwake aliyonipiga, na alinipiga mpaka akalia yeye. Aliniambia tu kwamba mtu hatemewi mate njiani. Mpaka leo sijaelewa kwa nini alilia.

Basi nimefanya linalopasa. Nimeandika makala katika gazeti letu la wanafunzi: "Kamina Ingali Imepiga Magoti." Wameipenda sana, imesomwa mkutanoni watu wakapiga makofi wamesimama. Habari ya mpemba ndiyo iliyowasha moto. Nimeandika kwamba watumishi hao wa sanamu wasakwe na kufundishwa mbele ya watu. Nakala nimempelekea komisere, mkuu wa serikali wa huko Kamina. Nakuwekea na wewe moja ndani ya bahasha. Msomee mama, afurahi. Mwambie kwamba marehemu baba, aliyekufa akijenga reli, hakuzaa mtu wa kupiga magoti.

Mdogo wako,
Kalala


Kamina, 27 Mei 1973

Mdogo wangu,

Makala nimeipokea. Mama sikumsomea.

Nakuomba kitu kimoja, na mimi siombi ovyo, unanijua. Mwandikie komisere leo hii. Mwambie habari ya mpemba ulidanganywa, dada yako muuza samaki alitunga maneno ya sokoni. Niite mwongo, niite mlevi, nimekubali. Tangu nakala yako ifike, gendarmes wawili wanakaa stesheni kila Jumapili alfajiri, na adjudant wao, Likoke, mume wa yule Mama Bolingo, anatembea na gazeti lako mfukoni. Analionyesha kwa watu kama picha ya mtoto wake.

Usiniulize kwa nini. Kuna neno niliapishwa nikiwa na miaka tisa, na aliyeniapisha bado yuko hai. Kama kuna siku uliwahi kuniamini bila kuuliza, iwe leo.

Mama haendi popote Jumapili hizi. Anaumwa. Nimeficha vitu vyake vingine ili apumzike.

Ndaya


Lubumbashi, 15 Juni 1973

Yaya,

Sitaandika. Nisamehe, lakini sitaandika.

Mtu akiniomba nikanushe kweli lazima anipe sababu, na wewe unanipa kiapo cha utotoni. Naona hofu tu. Unaogopa wateja wako wa base wasikununie? Au unaogopa kwamba mtu anayepaka ni jirani yetu? Hata akiwa jirani, yaya. Dawa ni chungu. Gendarmes wakimkamata mmoja tu, wakamsimamisha sokoni akaeleza kwa nini anambusu bwana wake wa zamani, mia watapona. Mimi gendarmes siwapendi, hapa tunajua virungu vyao, lakini mara hii moja wanashika mtu anayestahili.

Usinichukie. Nakupenda, na ninyi wawili ndio pekee mlionisomesha. Mwambie mama nitakuja Desemba.

Kalala


Kamina, 4 Julai 1973

Kalala,

Wamemshika mama.

Nakuandikia yote, na kiapo kimevunjika, Mungu ataniuliza siku yake. Isaïe amekula kiapo kwamba barua hii itatoka mkononi mwake kuingia mkononi mwako. Kaa chini usome.

Baba hakufa kwenye reli. Baba, Umba, alifungwa kwa sababu alikataa kulima pamba mwaka ambao mahindi yalikuwa hayatoshi. Wewe ulikuwa tumboni. Akiwa gerezani akaja mzungu mmoja mchonga sanamu, akataka mtu mwenye mabega. Wakamtoa baba. Wiki sita, kila asubuhi, alipigishwa magoti kwenye kokoto nyuma ya stesheni, na akitikisika anachapwa. Mama alikuwa anampelekea ugali wa bukari na mboga ya sombe, mimi nikimshika nguo. Niliiona sura yake ikitoka kwenye saruji kidogo kidogo, na yeye mwenyewe akipungua. Mvua zilipoanza alikufa mle gerezani. Tulipoenda kuomba mwili, karani alituambia amekwisha kuzikwa na wafungwa wengine, mahali hapajulikani. Hatuna kaburi, Kalala. Hatuna hata picha. Baba yetu ni yule uliyekuwa ukimtemea mate.

Watu walimcheka mama miaka mingi, wakamwita mke wa mpiga magoti. Ndiyo maana tulihama mtaa, mpaka waliojua wakafa au wakasahau. Akaapa wewe usijue, ukue na baba wa reli. Na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kabla ya misa ya kwanza, alikwenda kumpaka mpemba, kumwambia kwamba katika kesi yake hakuwa na hatia. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo alipokuwa hai.

Kibakuli cha mpemba nilikuwa nimekificha juu ya dari. Juni alikubali kutokwenda, alikuwa na homa. Jumapili hii, tarehe mosi, niliamka nikakuta mkeka wake mtupu. Alikuwa amechimba mpemba mwingine mtoni, akauponda mwenyewe. Nilikimbia, lakini nilifika wakiwa wamekwisha kumzunguka.

Likoke hakuwa mkali mwanzoni. Alimuuliza, "Mama, njo weye unapakaka muzungu mpemba?"

Mama akasema, "Minyi sipake muzungu. Angalia muzuri."

"Unapaka nani?"

Likoke akatoa gazeti, akasoma kwa sauti, lile fungu la watumishi wa sanamu, mpaka mwisho. Abiria wa treni ya asubuhi walisimama kusikiliza. Mama akauliza, "Nani ameandika ile?"

"Citoyen Kalala. Mutoto ya huku Kamina, iko anasoma ku Lubumbashi. Mutoto ya akili."

Mama akaitikia, "Ni kweli. Iko na akili."

Tangu hapo hajasema neno lingine kwao. Walimpigisha magoti pale pale, pembeni ya baba, mpaka jua likapanda. Halafu wakamtia kachot, chumba cha mahabusu. Wamempiga nyayo. Mimi nilitaka kupiga kelele kwamba ni mume wake, niseme yote, nikapata nafasi ya kumkaribia wakati wanamwinua. Akanishika kikwembe nilichojifunga kiunoni, akaninong'oneza, "Usiseme. Batajua mutoto ni wetu. Batamufukuza ku masomo, batasema baba yake alipigia muzungu magoti." Nikafunga mdomo. Mpaka sasa nimeufunga, na kila siku ninavyoufunga nao wanampiga.

Mama Bolingo ananisaidia kupitisha chakula. Analia kuliko mimi. Mume wake hajui.

Na hili nalo nikuambie, nisikuachie mzigo wote. Ile habari ya mpemba nilikuandikia makusudi. Nilichoka kuijua peke yangu. Nilitaka uulize, ili mama aambiwe na wewe kwamba umekua mtu mzima unayeweza kusikia. Nilitupa ndoano.

Ndaya


Lubumbashi, 12 Julai 1973

Yaya,

Isaïe alikaa nami usiku kucha. Anasema nilikuwa napiga ukuta kichwa. Mimi sikumbuki.

Nimemwandikia komisere. Nimeandika kwamba ni mama yangu, kwamba ni baba yangu, kwamba mwenye kosa ni mimi na nipo tayari kushikwa. Masomo wayachukue. Nilikwenda kwa wenzangu wa gazeti tuandike sahihisho, wakaniambia gazeti halisahihishi kweli ya Mapinduzi kwa sababu ya machozi ya mtu mmoja. Maneno hayo nayajua, ni yangu, niliyasema mimi mwaka jana kwa mwingine.

Nimeomba karatasi ya safari mara mbili. Wamenikatalia mara mbili. Nilikwenda stesheni bila karatasi, wakanishusha Likasi na kunirudisha.

Nakaa najaribu kukumbuka sura yake. Nilipita pale miaka sita kila siku. Nakumbuka mkono wa mzungu, kofia yake, vifungo vya koti lake. Yule wa chini nakumbuka mate yangu tu, yakiteremka shavuni. Nieleze, yaya. Pua yake ilikuwaje? Anafanana na wewe au na mimi? Mama atakuwa alitazama uso wangu kila siku akiuona.

Mwambie mama najua. Mwambie kabla sijafika. Mwambie alinipiga kidogo siku ile, angenipiga zaidi.

Wenceslas wenu,
Kalala


Kamina, 14 Agosti 1973

Mdogo wangu,

Mama alitoka kachot baada ya siku tisa. Walichoka na mtu asiyejibu. Mama Bolingo na mimi tulimbeba kwenye baiskeli, nyayo zake zilikuwa haziguswi. Alilala wiki tatu na zaidi. Kifua kikaongezeka, kikaungana na homa.

Nilimwambia kwamba unajua. Nilimsomea barua yako, hata pale pa kukupiga zaidi. Alisikiliza akiwa amegeukia ukutani. Aliuliza tu kama Lubumbashi kuna baridi mwezi huu.

Jumamosi, tarehe ishirini na nane Julai, ilikuwa salongo. Walipita nyumba kwa nyumba na filimbi, kazi ya lazima, kila nyumba itoe mtu. Nyumba yetu mtu ni mimi. Walituleta mbele ya stesheni. Mwanzo walisoma makala yako kwa kipaza sauti, kuanzia juu hadi chini, na watu wakapiga makofi. Lori la base lilikuja na mnyororo, likamwinua mzungu taratibu. Yeye ni wa shaba, Kalala. Walimfunga turubai wakampeleka kwenye hangar, ghala la base, asipate mikwaruzo, wakisema shaba ni mali ya taifa. Baba alikuwa wa saruji iliyopakwa rangi. Yeye walimfunga kamba shingoni, wakatugawia sisi ncha. Nilikuwa wa nne kwenye kamba. Nilivuta. Aliyekuwa havuti aliandikwa jina, na mama alikuwa peke yake nyumbani, ningefanya nini? Tulivuta na wimbo wa Chama mdomoni, na mara ya tatu akaanguka kifudifudi.

Kelele zilifika mpaka nyumbani. Nilipoingia mama aliuliza, "Bamemuangusha?"

Nikasema, "Hapana mama. Bamechukua muzungu tu."

"Yeye amebakia?"

"Amebakia. Sasa iko peke yake, anaangalia treni."

Alifurahi, Kalala. Niliona. Ni muda mrefu sikuwa nimemwona hivyo. Akasema Jumapili ya kwanza niende mimi kumpaka, yeye hawezi, na nisisahau shavu la kushoto maana ndilo lililokuwa likipigwa. Nikaitikia. Alikufa Ijumaa, siku mbili kabla.

Vipande vya baba walivijazia mashimo ya barabara ya soko. Baada ya kifo nilitembea barabara hiyo yote nikitazama chini, watu wakidhani nimepotewa na akili. Uso sikuupata. Niliona kitu kama sikio, malori yalikuwa yamekwisha kukilaza. Kilichobaki mahali pake kilikuwa magoti tu, yalikuwa yameshika msingi, hawakuweza kuyang'oa kwa kamba. Mama Bolingo alikuja na nyundo ya mume wake, akayapiga mpaka yakaachia, tukayabeba kwenye kapu langu la samaki na kuyafunika kikwembe. Tulimzika mama Jumapili, na magoti ya baba pembeni yake. Padri aliuliza hicho ni kitu gani. Nikamwambia ni mume wake, naye akaendelea na sala.

Uliuliza pua. Ni yako. Na hiyo namna yako ya kuinamisha kichwa ukisoma, ndivyo yule mchongaji alivyomwinamisha.

Barua yako kwa komisere ilifika siku mbili baada ya maziko. Aliniita, akaisoma mbele yangu, akairudisha ndani ya bahasha, akanipa. "Citoyenne, mudogo yako iko na uchungu. Hii barua minyi sikuione." Alidhani ananisaidia. Likoke amepandishwa cheo. Wewe hutafukuzwa shule, hakuna atakayejua neno, yote ni kama mama alivyotaka. Nimeichoma barua hiyo jikoni.

Sasa nisikilize. Utakuja Desemba, najua. Utakaa mlangoni ukisubiri nikupake mpemba, ili uingie nyumbani ukiwa mtu asiye na hatia. Kibakuli kipo, ule alioponda mama umebaki kidogo chini. Nimekiangalia kila siku tangu maziko. Siwezi kukupaka, Kalala. Sikatai kwa hasira. Mkono wangu ni ule ule ulioandika barua ya Aprili, na ndio ulioshika kamba. Wa kutupaka sisi wawili alikuwa mama.

Njoo hivyo hivyo. Mlango utakuwa wazi.

Dada yako,
Ndaya